Mpelelezi na Daftari la Maktaba

Kazi ya kulinda amani humfikisha askari mahali pengi ambapo raia wa kawaida hathubutu kufika. Askari huingia nyumba ya mtu usiku akiwa na hati, hupekua mizigo mpakani, na husimamisha magari barabarani, na raia mwema hanung'uniki, kwa maana ajua kwamba yote hayo ni kwa usalama wake. Lakini yapo mahali pamoja padogo ambapo sheria za nchi nyingine zimemtaka askari asimame mlangoni kwanza na kusema amekuja kwa jambo gani. Mahali hapo ni maktaba ya umma. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya mpaka huo: uliwekwaje, kwa sababu gani, na kwa nini sisi tunaona kwamba ni msaada kwa askari anayejua kazi yake.

Mfano wetu tunautoa Marekani. Hatuutoi huko kwa kudhani kwamba kila la Marekani ni jema, la hasha. Msomaji ataona hapa chini kwamba maofisa wa nchi hiyo walikosea zaidi ya mara moja. Tunautoa huko kwa sababu ugomvi baina ya mpelelezi na mkutubi ulitokea hadharani, ukafika mahakamani, kisha ukaandikwa katika sheria ambazo kila mtu aweza kuzisoma.

Yafaa kwanza kueleza jinsi maktaba za huko zinavyotawaliwa. Katiba ya Marekani haisemi neno juu ya maktaba za umma. Kazi hiyo imeachiwa majimbo, nayo ni 50, na kila jimbo lina sheria yake. Mwaka 1833 wakazi wa mji mdogo wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, walikubaliana kutenga fedha za umma ili kuanzisha maktaba ambayo mkazi yeyote angeweza kuazima kitabu bila malipo. Mwaka 1849 jimbo hilo likatunga sheria ya kuiruhusu miji yake yote kutoza kodi kwa ajili ya maktaba. Jimbo la Massachusetts likafuata kwa sheria ya namna hiyo mwaka 1851. Tangu hapo majimbo mengine nayo yakatunga sheria zao, moja baada ya jingine.

Sheria hizo hazikuishia kwenye kodi. Ziliwagusa pia maofisa wenyewe. Tuitazame sheria ya jimbo la Wisconsin. Maktaba ya mji huongozwa na bodi ambayo wajumbe wake hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Mmoja wao hana budi kuwa mkuu wa shule za eneo hilo au mwakilishi wake, na diwani anayeruhusiwa kukaa katika bodi ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Bodi hiyo ndiyo inayomwajiri mkutubi, na ndiyo peke yake yenye mamlaka juu ya matumizi ya fedha za maktaba. Shabaha ya mpango huo ni wazi. Watunga sheria hawakutaka mkubwa mmoja wa mji, kwa kuwa tu ameshinda uchaguzi, aamue watu wasome nini, au amfukuze mkutubi kwa kuwa amekataa kumtii katika jambo lisilo la halali.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mwaka 1970 mabomu yalikuwa yakilipuliwa katika miji kadhaa ya Marekani. Maofisa wa Wizara ya Fedha ya nchi hiyo, waliokuwa na jukumu la kupeleleza habari za silaha na baruti, wakaanza kuzuru maktaba za umma, ikiwamo ile ya Milwaukee huko Wisconsin, wakidai kuonyeshwa majina ya watu walioazima vitabu juu ya milipuko. Mkutubi wa Milwaukee alikataa mwanzoni. Wakili wa mji akasema kwamba daftari la maktaba ni hati ya umma kama hati nyingine, basi likafunguliwa. Chama cha Wakutubi cha Marekani kikapinga jambo hilo, na mwezi wa Januari 1971 kikatoa msimamo wake rasmi: majina ya waazimaji ni siri, na yasitolewe ila kwa amri iliyotolewa kwa mujibu wa sheria.

Hebu tufikiri kama wapelelezi. Kitabu juu ya baruti huazimwa na nani? Huazimwa na mwanafunzi wa kemia, na mchimba mawe, na mwandishi wa hadithi, na mzee aliyepigana vita akapenda kusoma habari za silaha alizozishika. Huenda pia kikaazimwa na askari anayejiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo. Mlipuaji mwenyewe huenda hajawahi kukanyaga maktaba. Kwa hiyo mpelelezi aliyetoka na orodha ya majina ya wasomaji ametoka na orodha ya wasomaji tu. Wiki nzima atakayopoteza akiwafuata nyumbani mmoja mmoja, mhalifu ataitumia kukimbia.

Mfano wa pili utawagusa hasa ndugu zetu wanaofanya kazi katika sehemu za wafugaji. Mwaka 1979, katika jimbo la Iowa, ng'ombe walikuwa wakikutwa malishoni wamekufa, viungo vyao vimekatwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna wachawi. Mpelelezi wa jimbo akaenda katika maktaba ya umma ya mji wa Des Moines akaomba majina ya watu walioazima vitabu fulani juu ya uchawi. Maktaba ikakataa. Mwendesha mashtaka wa wilaya akatoa hati ya kudai nyaraka hizo, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Iowa, ambayo mwaka 1983 ilitoa hukumu kwa upande wa serikali.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Leo sheria ya Iowa inaweka masharti ambayo tungependa kila mpelelezi ayajue. Daftari la maktaba litafunguliwa kwa chombo cha dola pale tu uchunguzi unapomhusu mtu au kikundi maalumu kinachotuhumiwa kwa kosa linalojulikana kuwa limetendeka. Tena hakimu lazima aridhike kwamba habari zinazotakiwa zina uhusiano na jambo la halali, na kwamba haja yake ni kubwa na ya lazima.

Masharti hayo yana mafunzo makubwa ya kazi ya upelelezi. Yanasema: anza na kosa, utoke hapo uende kwa mtuhumiwa, na kama kitabu kinakuhusu, nenda kwa hakimu naye atakufungulia njia. Usianze na kitabu ukamtafuta aliyekisoma, kisha ukamtafutia kosa. Ng'ombe waliokufa waliacha damu, nyayo, majeraha na mashahidi. Huko ndiko kazi ilikokuwa. Aliyekwenda kwenye rafu ya vitabu vya uchawi aliifuata minong'ono ya kijijini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Majimbo yaliuona ufa, nayo yakauziba. Florida ilitunga sheria ya siri ya maktaba mwaka 1978, New York mwaka 1982, na leo majimbo 48 yana sheria za namna hiyo. Mawili yaliyosalia, Hawaii na Kentucky, yanafuata maelekezo ya wanasheria wakuu wao. Wala sheria hizo hazikumfunga askari mikono. Huko Wisconsin, sheria ile ile inayotaka amri ya mahakama ili kufungua daftari la waazimaji inamwamuru mkutubi kumpa polisi picha za kamera za ulinzi iwapo kosa linalochunguzwa linadaiwa kutendeka ndani ya maktaba. Mwizi aliyeiba mkoba mezani hana siri ya kulindwa. Anayelindwa ni yule aliyeketi akasoma kitabu chake akaenda zake.

Yawezekana msomaji wetu mmoja atasema: maneno haya ni mazuri wakati wa amani, lakini sisi tunapambana na maadui ambao hawangoji hakimu aamke. Hoja hiyo ni nzito, na hatutaki kuikwepa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, mkutubi mmoja wa Delray Beach, Florida, aliyatambua katika habari majina ya watuhumiwa waliokuwa wameitumia maktaba yake, akawapigia polisi simu. Wapo wakutubi wenzake waliosema kwamba ilimpasa kungoja amri ya mahakama. Sisi hatuoni ajabu kwamba raia alipatwa na hofu akawaita polisi. Lakini tuangalie mpangilio wa mambo: kosa lilikuwa limekwisha tendeka, majina yalikuwa yamekwisha julikana, na raia ndiye aliyewaendea polisi kwa hiari yake. Polisi hawakuanza kwa kukusanya majina ya watu wote waliosoma habari za ndege.

Serikali ya Marekani ilipoiacha njia hiyo, iliaibika. Katika miaka ya 1980 wapelelezi wa FBI walikuwa wakizuru maktaba, hasa za sayansi mjini New York, wakiwataka wafanyakazi wawaarifu juu ya wageni wa kutoka Urusi na nchi rafiki zake wanaosoma humo. Vitabu vyenyewe vilikuwa wazi kwa kila mtu, wala havikuwa na siri. Jambo hilo lilipofichuka mwaka 1987 lilizua kelele kubwa, na mwaka 1988 wakubwa wa idara hiyo waliitwa kujieleza mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut waliletewa barua ya kudai kumbukumbu za matumizi ya kompyuta, isiyotoka kwa jaji, tena ikiwakataza hata kusema kwamba wameipokea. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 serikali ikaondoa katazo lile, kisha ikaacha hata dai lenyewe.

Wala tusidhani kwamba sheria za majimbo siku zote humlinda msomaji. Mwaka 2023 jimbo la Arkansas lilitunga sheria ambayo ingeweza kumpeleka mkutubi jela hadi mwaka mmoja kwa kumpa mtoto kitabu kinachohesabiwa kuwa na madhara kwake. Kuwalinda watoto ni wajibu wa kila mtu mzima. Ila maneno ya sheria yalikuwa mapana mno, hata mkutubi hakuweza kujua ni kitabu gani kitamtia hatiani. Julai 2023 jaji alizizuia sehemu zake mbili zisianze kutumika, na Desemba 2024 akatamka kwamba zinapingana na Katiba. Katika mwaka huo huo wa 2023, jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuzinyima ruzuku ya jimbo maktaba zitakazopiga vitabu marufuku kwa sababu za kisiasa. Sheria kama ile ya Arkansas, ndugu askari, humwangukia polisi. Yeye ndiye angetumwa kumtia pingu mama wa maktaba, na yeye ndiye ambaye watoto wa mji wangemkumbuka kwa jambo hilo.

Je, haya yote yatuhusu nini sisi hapa Uganda? Yatuhusu sana. Nasi tunazo sheria za maktaba. Ile ya mwaka 1964 ilifuatwa na Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003, na maktaba za umma katika wilaya na miji zimo chini ya serikali za mitaa. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Kifungu cha 221 kinavitaja vyombo vya ulinzi na usalama, jeshi na polisi, na kuvipa wajibu wa kuheshimu haki za binadamu katika utendaji wa kazi zao. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Askari aliyekula kiapo ameyakubali yote hayo.

Basi rai yetu ni hii. Afande atakapotumwa maktaba, na ajiulize kwanza: ninachunguza kosa gani, na ninamtuhumu nani? Asipokuwa na jibu, arudi kituoni. Akiwa na jibu, aende kwa hakimu, apate hati yake, kisha amwendee mkutubi kwa adabu na kumwonyesha hati hiyo. Mkutubi akimwomba hati, asimhesabu kuwa adui wa serikali, kwa maana yule naye ni mtumishi wa umma aliyepewa lindo lake, kama mlinzi wa lango la kambi anavyomdai neno la siri hata mkubwa wake. Hatumlaumu mlinzi wa namna hiyo. Twamsifu.

Na jambo la mwisho ndugu zetu wasilisahau. Askari naye ni msomaji. Yupo anayejifunza sheria jioni baada ya zamu, yupo anayesoma juu ya maradhi ambayo hapendi wenzake kambini wayajue, na yupo anayekaribia kustaafu ambaye anasoma habari za ufugaji wa kuku ili aanze maisha mapya. Siku moja jina lake nalo litaandikwa katika daftari lile. Mpaka anaouheshimu leo kwa ajili ya raia ndio utakaomlinda yeye kesho.