Ukanda wa Bomba si Kiwanja cha Nyumba

Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu mkulima mmoja wa setlamenti, mtu wa heshima na mchapa kazi, akitaka nimsaidie kujaza karatasi za mkopo wa kujenga nyumba mbili za kupangisha. Nilipotazama ramani ya shamba lake niliona kwamba nyumba ya pili ingekaa juu kabisa ya bomba la mafuta. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Karani, hapo si majani tu? Ekari zangu ni chache, na ukanda ule umekaa bure."

Ndugu wakulima, ukanda ule haukukaa bure. Bomba la kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likaendelezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Ndani yake mafuta husukumwa kwa nguvu nyingi mno. Mwenye kuchimba msingi au shimo la choo aweza kulichubua bomba asijue, na kutu ikaanza kazi yake polepole. Na likivuja, mafundi watalifikiaje ikiwa juu yake pana sakafu ya saruji?

Tena sakafu yenyewe ni mtego. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, kwa hiyo mniwie radhi nikifundisha kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya mashimoni na mitaroni. Gesi asilia ni nyepesi, na mahali pa wazi hupanda ikapotea, lakini chini ya jengo haina pa kwenda. Mwaka 1937, huko New London katika jimbo la Texas, Marekani, gesi ilivuja chini ya shule ikajaa bila mtu kuisikia, maana kwa asili haina harufu. Cheche moja ilitosha. Watoto na walimu wapatao 300 walikufa. Ndipo ikaamriwa gesi itiwe harufu kali.

Wala tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaani Sinai, Nairobi, petroli ilivuja ikaingia katika mtaro. Watu wakaja na ndoo kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengine hawakushika ndoo yoyote. Nyumba zao zilibanana na mtaro ule. Na mwezi wa Mei 2015 mafuta yalivuja Thange, katika Makueni, yakaharibu mto ambao wakulima waliutegemea kwa kunywa na kunyweshea.

Hata hivyo sikumlaumu sana yule mkulima. Shamba alilinunua. Fidia ya kupitishiwa bomba alilipwa mwenye shamba wa kwanza, naye alipouza akanyamaza. Mapatano yale hufuata ardhi, hayamfuati mtu. Fedha zimekwisha kuliwa, lakini katazo limebaki. Kwa maoni yangu, Bodi ya Ardhi isikubali shamba lolote liuzwe kabla muuzaji hajaulizwa mbele ya wazee: je, bomba lapita wapi? Na sisi wa maofisini tusingoje mtu achimbe msingi ndipo tufungue ramani.

Mkiona nguzo za alama, msizing'oe kuwa vigingi vya ng'ombe, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu. Msijenge hapo hata banda la kuku, msipande miti, msichome makaa. Mkitaka kuchimba karibu, waiteni kwanza wenye bomba waje wawaonyeshe mahali. Mkisikia harufu ya mafuta, zimeni moto, ondokeni, na mwiteni chifu.

Yule mkulima aliondoka amenuna. Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi mpya. Nyumba ya pili imesogea karibu na barabara, nayo imepungua chumba kimoja. Ukandani ameacha majani, na ng'ombe wake wawili wanakatiwa hapo.