Nguo za Shosho Zikatwe

Nitasema hii kitu na najua kuna watu watakasirika: nguo za shosho zikatwe. Zikatwe na makasi, vipande vipande, kisha fundi aziunganishe na mashine ziwe blanketi moja la viraka, ile Wamarekani wanaita kwilti. Siongei juu ya kuziharibu. Naongea juu ya kuziokoa.

Tuambiane ukweli. Kwa manyumba mengi, matanga yakiisha nguo za marehemu huwa na njia tatu. Zingine zinagawiwa watu wa ukoo. Zingine zinapewa majirani ama kanisa. Halafu kuna zile hakuna mtu ako na roho ya kutoa. Hizo zinafungiwa kwa sanduku na naftalini mbili tatu. Kwetu hilo sanduku liko chini ya kitanda cha mathe. Ndani kuna leso, sweta, na koti moja la maruni. Kila Desemba linafunguliwa, watu wanalia kidogo, linafungwa. Na kila Desemba nondo wameongeza mashimo. Enyewe, hiyo si kumbukumbu. Hiyo ni nguo inaisha polepole tukiiangalia kwa heshima.

Na kuna vita ya koti. Anti anasema ni lake kwa sababu yeye ndiye alilinunua. Anko anasema yeye ni kifungua mimba. Binamu anasema yeye ndiye alilala hospitali na shosho. Wote wako na haki, na koti ni moja. Koti zima linaenda kwa mtu mmoja, wengine wanabaki na kinyongo. Koti lililokatwa linafika kwa kila mtu. Hapo ndipo niko: makasi ndiyo njia ya haki kuliko sanduku.

Kama unadhani ni tabia mpya ya watu wa mtandaoni, wacha nikupeleke Alabama, Marekani. Kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, ndani ya kona ya mto, ambapo wengi ni wajukuu wa watu waliofanywa watumwa kwa mashamba ya pamba. Mwaka wa 1942 mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo ambazo mzee alikuwa akivaa kazini, akazikata, akazishona kuwa kwilti ya kujifunika. Suruali zilizochakaa na jua la shambani! Hakuziweka kwa sanduku. Alilala chini yake. Miaka 60 baadaye, mwaka wa 2002, kwilti za kijiji hicho zilitundikwa kwa ukuta wa makumbusho ya sanaa Houston, kisha New York, na mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikaziweka kwa stempu. Kwa hivyo mtu akikuambia kukata nguo ya marehemu ni dharau, mwambie kuna mjane alikata kwa sababu ya mapenzi.

Sasa wale wa "lazima ishonwe na mkono, mashine haina roho." Nawaelewa, lakini hapana. Mwaka wa 1989, kwa mashindano makubwa ya kwilti kule Paducah, Kentucky, zawadi ya juu kabisa ilichukuliwa na Caryl Bryer Fallert na kazi aliyoshona kwa mashine. Watu walipiga kelele, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kushinda. Lakini mlango ulifunguka. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1987, ile kwilti ya kukumbuka waliokufa kwa UKIMWI ilitandikwa Washington ikiwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu saizi ya kaburi. Vingine vilishonwa kwa mkono, vingine kwa mashine, vingine vilipakwa rangi. Hakuna mama aliyesimama pale akauliza jina la mtoto wake limeshonwa na nini.

Roho ya kwilti iko kwa kitambaa ulichochagua. Kazi ya mashine ni kuhakikisha kinadumu. Kwilti ni matabaka matatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa cha mgongo. Mshono unaopita yote matatu ndio unazuia pamba isikusanyike kona moja ukifua. Wenye kazi kubwa wana mashine ya mkono mrefu: kwilti inatandazwa kwa fremu na mashine ndiyo inatembea juu yake. Fundi anaweza kurudia mchoro mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, ama apee kila kiraka mchoro wake. Fundi wa mtaani kwenu pengine hana hiyo mashine, na hakuna shida. Cherehani ya kawaida inafanya, mradi kwilti isiwe kubwa sana, matabaka yashikwe na pini, na mshono uanzie katikati kuelekea nje ndio isijikunje.

Lakini nikisema kata, sisemi kata ovyo. Piga kila nguo picha ikiwa nzima. Uliza kila mtu anayehusika, hata yule anko mgumu. Kama kwenu kuna desturi ya kugawa nguo, iheshimu, hizo zilizogawiwa waachie wenyewe. Leso ijaribiwe na maji kwanza, zingine hutoa rangi na zitapaka kila kitu. Na tafadhali, jina la leso lisikatwe. Yale maneno ndiyo shosho alichagua dukani, yakae katikati yakisomeka. Sweta na tisheti huvutika, kwa hivyo zigandishwe na kitambaa chembamba kwa pasi kabla ya kukatwa. Na kama nguo imechakaa hadi ukiivuta kidogo inapasuka, usiilazimishe chini ya sindano. Hiyo iwekee fremu.

Na fundi alipwe. Hapa sitabembeleza mtu. Viraka 8 kwa 10 ni viraka 80. Kila kimoja kinafuliwa, kinapigwa pasi, kinapimwa, kinakatwa, kinashonwa, na hapo hata pamba haijaguswa. Huwezi enda kwa fundi na bei ya kubadilisha zipu ukisema "si ni viraka tu." Ukoo uliochanga pesa za tenti na viti vya matanga hauwezi shindwa kuchanga ya kwilti. Na mchango wa kwilti hauishi na matanga.

Najua swali lililobaki: ikishashonwa, itakaa kwa nani? Kwa wote. Mwaka huu kwa anti, mwaka ujao kwa anko, mtoto akizaliwa iende huko kwanza. Ama nguo zikitosha, mshone mito, kila nyumba ipate wake. Na itumike! Imwagikiwe chai, ifuliwe, watoto walale chini yake wakiuliza hiki kiraka cha maruni kilikuwa nini. Hapo ndipo utawaambia juu ya koti, na juu ya mwenye koti. Sanduku lililofungwa haliulizwi swali na mtoto yeyote.

Nondo hawangoji mkutano wa familia. Itisheni wenu kabla ya Desemba.