Kiti cha babu kisiitwe cha Mbelgiji kabla ya kugeuzwa

Kuanzia Kisangani mpaka Masako, kando ya barabara ya zamani ya Buta, neno moja linaweza kubadili bei ya kiti. Kikiitwa "cha Wabelgiji", mnunuzi anakaa chini kupatana. Kikiitwa "cha babu", anakiangalia kama kuni. Kumbe mara nyingi ni kiti kilekile, na wala muuzaji wala mnunuzi hajakigeuza kuona chini yake.

Jambo hili linawagusa zaidi wahami. Familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu mwaka 2023 hazikuondoka na nyumba nzima. Zilitoka na masufuria, godoro, pengine kiti kimoja juu ya kichwa. Anayeuza kiti hicho ili watoto wale hana kosa, na asiwepo wa kumhubiria. Lakini anayeuza bila kujua anachouza anapoteza mara mbili: franka alizostahili, na habari ya mtu aliyekitengeneza.

Ile tabia ya kuita kila kitu kizuri "cha Wabelgiji" ina sumu yake. Fenicha ililetwa kutoka Ulaya, ndiyo. Lakini ikumbukwe mbao zilikwenda upande gani. Mwaka 1897, kwenye maonyesho ya Tervuren karibu na Bruxelles, wasanii wakubwa wa Ubelgiji, akina Henry van de Velde, Paul Hankar na Georges Hobé, walitengeneza vyumba vya maonyesho kwa mbao za Kongo. Mwaka huohuo mapadre wa Moyo Mtakatifu walianzisha misheni ya Saint-Gabriel hapa kwetu. Misheni ilihitaji mabenchi, milango, madirisha, meza za shule. Nani angeyaleta yote hayo kwa meli mpaka Matadi, kisha kwa treni, kisha kwa mashua kupandisha mto mpaka Stanleyville? Vijana wa hapa walifundishwa kushika randa na msumeno, wakayatengeneza wenyewe. Mbelgiji alikalia kiti. Aliyekitengeneza alikuwa mara nyingi Mkongomani ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Basi mwenye kabati la urithi aanzie nyuma, si mbele. Seremala wa nchi yoyote huweka mbao nzuri pale jicho linapofika, na mbao rahisi za kwao pale lisipofika: mgongoni mwa kabati, chini ya droo, ndani ya kiti. Kama sehemu hizo za siri ni mwaloni au msonobari wa Ulaya, kabati lilisafiri. Kama ni limba, sapeli au kambala, yaani mvule, kuna uwezekano mkubwa lilizaliwa huku. Mbao za mbele peke yake hazitoshi kuwa ushahidi. Afromosia ya Afrika ilipelekwa Ulaya kwa wingi miaka ya 1950 na 1960, ikafanywa meza na viti huko. Meza ya afromosia inaweza kuwa ya Kisangani au ya Antwerpen.

Halafu atoe droo na kuangalia pembe zake, pale mbao mbili zinaposhikana kwa meno kama vidole. Meno yasiyolingana, yenye alama ya kisu au penseli pembeni, ni kazi ya mkono. Meno yaliyolingana kabisa ni ya mashine. Apitishe vidole chini ya meza: randa ya mkono inaacha mawimbi madogo, na msumeno wa duara unaacha mistari iliyopinda. Skrubu yenye msalaba kichwani ilianza kuenea miaka ya 1930. Ikionekana, ama fenicha si ya kabla ya hapo, ama kuna fundi aliyeitengeneza upya baadaye. Kitasa kisimdanganye mtu. Kitasa cha Ulaya kilinunuliwa dukani na kufungwa kwenye kabati lolote.

Umbo nalo linasema. Kabati zito lenye pembe za mviringo na mistari iliyonyooka linafuata mtindo wa miaka ya 1920 mpaka 1940. Miguu myembamba iliyoinama kwa nje ni ya miaka ya 1950, wakati wa maonyesho makubwa ya Bruxelles ya 1958. Lakini umbo ni mtindo, na mtindo unaigwa. Fundi wa Stanleyville aliyeona picha kwenye katalogi alitengeneza kiti kama kile, kisha akasuka kikalio kwa kekele kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kiti cha namna hiyo kina asili mbili, na hakuna aibu kusema hivyo.

Kuna pia urithi usio na uhusiano wowote na Mbelgiji. Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, na uzao wa watu waliokuja na misafara ile bado upo Kisangani. Sanduku lenye njumu za shaba likipatikana kwa familia kama hizo, wengi husema ni la Zanzibar. Masanduku mengi ya jina hilo yalitengenezwa India, yakapita Zanzibar kwa biashara tu. Wangombe, huko chini ya mto, walipamba viti vyao kwa misumari ya shaba iliyotoka Ulaya, lakini kiti chenyewe walikichonga wao. Kwa hiyo msumari wa shaba hautoshi kusema kitu kimetoka wapi.

Na kigoda? Hapo ndipo dharau inapozidi. Kigoda kilichochongwa kutoka gogo moja, bila gundi wala kiungo, kinatupwa jikoni kwa sababu hakifanani na cha salon. Wamangbetu, ambao barabara hii ya Buta inaelekea upande wao, walichonga vigoda vya duara vya wanawake vyenye nguzo moja katikati, na leo vimewekwa kwenye majumba ya makumbusho ya dunia. Kwa Walega, kigoda kiitwacho kisumbi kinahusiana na vyeo vya bwami, chama ambacho serikali ya koloni ilikipiga marufuku mwaka 1948. Familia ya Maniema yenye kitu kama hicho inapaswa kuuliza wazee kwanza kama ni mali ya kurithi mtoto mmoja, au ya ukoo, au ya chama. Kuuza kitu cha ukoo kumewahi kuvunja undugu kuliko hata kiwanja.

Tena kuna sheria. Ordonansi-sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi hii. Mnunuzi anayekuja haraka, anayelipa bila kuuliza na kutaka kigoda kiondoke usiku, huenda anaijua kuliko muuzaji.

Wenye vitu hivi wanakosa mtu wa kumwuliza, ingawa wataalamu wako karibu. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekuja miaka mingi katika hifadhi ya Masako kuhesabu na kutaja miti. Wenyeji wamewabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Yangambi, ndani ya jimbo hilihili la Tshopo, kuna maabara ya kuchunguza mbao: kipande kidogo kinakatwa, vitundu vyake vinaangaliwa, na jina la mti linajulikana. Ingekuwa haki siku moja wataalamu hao wakae chini ya mti sokoni, na watu walete viti vyao badala ya majani. Gharama yake ni ndogo: lenzi ya mkononi, taa, daftari.

Mpaka hapo, mwenye kitu asikikwaruze kwa msasa wala kukipaka vernisi mpya. Ule weusi wa mikono ya miaka hamsini ni sehemu ya ushahidi, na ukishaondoka haurudi. Apige picha kwa simu, mbele, nyuma na chini. Na kama bado kuna mzee kwenye kambi au mtaani anayekumbuka kiti kilitoka kijiji gani na nani alikikalia, arekodiwe sauti yake leo, kijiji kitajwe kwa jina, na mti pia kwa jina la lugha yake.