Binti Hapelekwi Mnadani

Wako wazazi ambao siku ya posa hawaulizi kama kijana anayeoa ana dini, ana kazi, au ana mkono mwepesi wa kupiga. Swali lao ni moja tu: kiasi gani? Mshenga hajamaliza maamkizi, tayari karatasi imeshatolewa, na orodha inaanza kusomwa: fedha taslimu, ng'ombe, blanketi la bibi, koti la babu, na haki za wajomba ambao binti alipolazwa hospitalini hawakuonekana hata kwa bahati mbaya. Linaloudhi zaidi ni kwamba wanaofanya hayo si watu wasiojua mema na mabaya. Ni watu wa safu ya mbele msikitini, ni wazee wa kanisa, ni waungwana wanaosikilizwa barazani wanapozungumza.

Wazazi wa namna hiyo wangefaa waketishwe mbele ya filamu moja ya zamani ya Kihindi, ambayo si katika zile za ngumi na kukimbizana bustanini. Jina lake ni Kanyasulkam, maana yake malipo anayopokea baba ili amtoe binti yake. Ilitolewa mwaka 1955 kwa Kitelugu, lugha ya watu wa Andhra, kusini-mashariki mwa India. Iliongozwa na P. Pullaiah, na ndani yake wamo Savitri, Sowcar Janaki na N. T. Rama Rao, yule yule ambaye mwaka 1983 alikuja kuongoza serikali ya jimbo la Andhra Pradesh. Lakini kabla ya kuwa filamu ilikuwa tamthilia, na mwenye tamthilia hiyo alikuwa Gurajada Apparao, mtumishi wa mfalme wa Vizianagaram. Ilichezwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1892, ikachapishwa mwaka 1897. Apparao aliiandika kwa lugha ya sokoni na jikoni, si ile ya vitabuni ambayo wasomi wa wakati wake waliitukuza, ili aliyekusudiwa kuambiwa asipate kisingizio cha kutoelewa.

Naye hakuandika kwa kukisia. Katika dibaji yake alieleza kwamba mfalme aliamuru iandaliwe orodha ya ndoa za namna hiyo miongoni mwa Wabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, katika wilaya ya Visakhapatnam, na kwa miaka mitatu zikahesabiwa ndoa 1,034. Mabinti 99 waliozwa wakiwa na umri wa miaka mitano, 44 wakiwa na minne, 36 wakiwa na mitatu, sita wakiwa na miwili. Watatu walikuwa na mwaka mmoja, na bei yao ilikuwa kati ya rupia 350 na 400 kila mmoja. Zaidi ya hayo, wako waliopatana bei mtoto angali tumboni mwa mama yake.

Hebu mwenye kuzaa azitafakari hesabu hizo polepole. Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndivyo walivyosema wazee. Basi mzazi huyo aliyepokea rupia 400 kwa kichanga kisichojua hata kutembea aliuweka wapi uchungu wake?

Kisa chenyewe kinamhusu Agnihotravadhanulu, Mbrahmini mkali, mpenda kesi, mwenye hasira za karibu. Binti yake mkubwa, Buchamma, alikwisha kumwoza kwa mzee. Mzee akafa, na binti akabaki mjane angali kigoli, katika jamii ambayo mjane haolewi tena. Mtu mwenye akili angedhani baba amejifunza. Wapi! Sasa anataka kumtoa mdogo, Subbi, naye aende kwa mzee mwingine, bahili Lubdhavadhanlu. Mama mtu analia, anasihi, mwisho anajaribu kujiua. Baba hasikii. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na kilichokwisha kumpata mtoto wa kwanza hakikumzindua kwa wa pili.

Anayemwokoa Subbi ni mjomba wake, Karataka Sastri. Anamvika mwanafunzi wake wa kiume nguo za kike, anampeleka kwa yule bahili kama bibi harusi wa bei nafuu zaidi, na bahili, kwa kupenda rahisi, anauacha mkataba wa kwanza. Anayesaidia hila hiyo ifaulu ni Madhuravani, mwanamke wa kustarehesha wanaume, ambaye katika filamu anachezwa na Savitri. Wenye vilemba na sala ndefu wanauza watoto. Mwanamke ambaye mji mzima unamnyooshea kidole ndiye anayetumia werevu wake mtoto asiuzwe. Watazamaji hucheka sana katika sehemu hiyo. Ni haki yao kucheka, ila kicheko kikiisha wajiulize wao wangekaa upande upi wa mkeka.

Na asije mtu akasema kwamba hayo yalikwisha na zama zake. Bei ikitolewa kwa binti bila tamaa kutolewa moyoni, itahamia kwingine. Watu hao hao wa Andhra walijionea: mzigo ukahama kutoka kwa muoaji, ukamwelemea baba wa binti, akawa yeye ndiye wa kulipa ili binti yake aolewe. Kallakuri Narayana Rao akaandika tamthilia ya kuikemea balaa hiyo mpya, Vara Vikrayam, yaani kuuzwa kwa bwana harusi, nayo ikafanywa filamu mwaka 1939 na C. Pullayya. Humo binti Kalindi, aliyechezwa na Bhanumathi akiwa bado msichana mdogo, anajiua ili baba yake asifilisike kwa kumtafutia mume. Mdogo wake, Kamala, anakubali kuolewa, kisha anagoma kwenda ukweni: mume kanunuliwa kwa fedha za kwao, basi aje yeye kwa mwenye mali. Jibu kali, na lilistahili. Bunge la India lilipiga marufuku malipo hayo kwa sheria ya mwaka 1961, na hadi leo mabinti wa nchi hiyo wanaendelea kufa kwa ajili yake.

Hapo ndipo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapotikisa kichwa na kusema, "Wahindi hao!" Nyani haoni kundule. Watu wa pwani wana sifa ya ustaarabu, na katika jambo hili dini yao imewawekea njia iliyonyooka: mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, aipokee kwa mkono wake na aitumie apendavyo. Hakuna asiyelijua hilo. Mbona basi kilemba cha baba na mkaja wa mama, vilivyokuwa heshima ndogo, vimenenepa mpaka mahari yenyewe ya binti imekuwa kama chenji? Na watu wa bara, ambao mababu zao walipeleka ng'ombe ili kuunganisha koo mbili, kwa nini leo wanampandishia binti bei kwa shahada aliyosomea, kana kwamba karo ilikuwa mtaji na sasa ni msimu wa faida?

Sheria zimeanza kuwaaibisha wazee. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imesema kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuithibitisha ndoa. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwaka 2015 kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa kuwa mke si kitu kilichonunuliwa hata kirudishwe dukani. Tanzania, Mahakama Kuu ilivikataa mwaka 2016 vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Ni jambo jema. Lakini ni fedheha kwamba jaji alihitajika kumwambia baba jambo ambalo moyo wake ulipaswa kumwambia zamani.

Tena haifai kuiacha filamu hii bila kumgusa Girisam, anayechezwa na Rama Rao. Huyo ni kijana mtanashati, mwingi wa Kiingereza na madeni, anayehubiri haki za wajane huku akiwalaghai. Anaingia nyumbani kwa Agnihotravadhanulu kama mwalimu wa mtoto wa kiume, na mzee, aliyemkazia mkewe macho kwa ukali, analainika mara tu anapokisikia Kiingereza kikitiririka. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni! Akina Girisam wamejaa hata leo. Wanalaani mahari kubwa kwenye semina, kisha jioni wanamdanganya binti wa watu na kumtelekeza. Wanaharibu kazi ya watu wa kweli kama Kandukuri Veeresalingam, aliyevumilia kutengwa na watu wake lakini akasimamia ndoa ya mjane mjini Rajahmundry mwaka 1881. Mzazi asimkatae mkwe maskini mwenye adabu, kisha akampokea mlaghai kwa sababu ya lafudhi yake.

Wenye uwezo wa kulikomesha jambo hili kesho wapo: ni masheikh, mapadri na wachungaji wanaofungisha ndoa. Hakuna baba atakayewapuuza, maana bila wao sherehe yake haina baraka. Basi kabla ya kufungisha, kila mmoja wao amwite bibi harusi kando, pasipo mjomba wala shangazi, amwulize kama ameridhia, ni kiasi gani kimetolewa kwa ajili yake, na kiko mikononi mwa nani. Akiwa hajui la kujibu, wageni warudi nyumbani siku hiyo, na baba yake aitwe aeleze.