Anna haikui kila mahali

Mwandishi, ahsante kwa makala, ila pale uliposema tufaha la Anna ni la nchi za joto, ungeimalizia hiyo hoja. Anna inataka baridi kidogo, si kwamba haitaki kabisa: saa kama 200 hadi 300 za chini ya nyuzi 7. Huku Wajir, mita 240 hivi tu juu ya bahari, baridi hiyo hatuioni hata usiku mmoja. Nilipanda miche miwili nyuma ya nyumba, Anna na aina nyingine ya tufaha, Dorsett Golden, ili ichavushane. Nikainywesha maji ya kisima, na maji yetu yana chumvi. Baada ya miezi mitatu kingo za majani ziligeuka kahawia, ukizishika zinavunjika kama karatasi iliyoungua. Ua sikuliona. Ndugu uliyeuliza hapo juu kutoka Habaswein, tafadhali usitupe pesa zako kwa Anna. Panda mkunazi, huu tunaouita gob kwa Kisomali, lakini uchukue ule wa kupandikizwa, tunda lake linakaribia tufaha dogo la kijani. Wangu una miaka miwili na watoto wanachuma kila wakitoka madrasa. Mwandishi, makala ijayo tuandikie kuhusu kunazi.