Barua pepe zako ziwe na nakala nyumbani
Na Kipngeno Cherono

Juni inapofika ukingoni, saiba za Sotik hujaa watu. Makataa ya kuwasilisha ripoti za ushuru wa mwaka uliotangulia ni tarehe 30, na anayejisajili kwenye iTax, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA), hutakiwa kuwa na anwani ya barua pepe. Mkulima aliyetoka kuchuma chai asubuhi, au kupeleka maziwa, huketi kwenye benchi akingoja zamu yake. Kijana wa saiba ndiye humfungulia anwani, ndiye hubuni neno la siri, na kwa nia njema kabisa huliandika kwa kalamu nyuma ya cheti cha PIN, karatasi ikiwa bado na joto la printa. Cheti hukunjwa mara nne kikaingia mfukoni mwa koti.

Tangu siku hiyo mkulima ana sanduku la barua ambalo hajawahi kulifungua kwa mkono wake, na ambalo ufunguo wake unajulikana na mtu mwingine.

Wakati huohuo, nyumbani kwa mkulima huyo huenda kuna kompyuta. Binti anayesoma Chuo Kikuu cha Kabianga amerudi na laptopu, au mwalimu mstaafu amenunua ya mkono wa pili. Hutumika kutazama filamu na kuandika barua za maombi ya kazi. Ni watu wachache wanaojiuliza swali ambalo lingewafaa zaidi: je, barua pepe zipokelewe vipi kwenye mashine hii?

Njia ni tatu, na Mkenya anaweza kuzielewa upesi kwa sababu posta yetu haileti barua mlangoni. Barua hufika kwenye S.L.P., Sotik 20406, nawe huzifuata huko. Kusoma barua pepe kupitia kivinjari ni kusoma ukiwa umesimama pale pale posta: ukimaliza unazirudisha sandukuni na kwenda zako mikono mitupu. Njia ya POP, iliyobuniwa mwaka 1984, ni kuzitoa barua zote na kwenda nazo nyumbani. Isipoamriwa vingine, mara nyingi haibakizi kitu sandukuni. Njia ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huacha barua zenyewe posta na kukupa nakala nyumbani. Unachokisoma, kukihamisha au kukifuta kwenye kompyuta hubadilika vivyo hivyo kwenye simu.

Wakenya wa kwanza kutumia barua pepe hawakuwa na hiari kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi liliendesha kituo cha Fidonet, mtandao wa kompyuta zilizopeana barua kwa laini za simu. Kompyuta ilikusanya barua za mashirika na watafiti, ikaunganishwa kwa simu na GreenNet ya London, ikatuma barua hizo na kupokea walizoandikiwa, kisha laini ikakatwa. Katikati ya muongo huo ikaja Africa Online, kampuni iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Hata hapo, mteja mwenye busara alipiga simu, akavuta barua zake, akakata, akasoma na kujibu kwa utulivu, kisha akapiga tena kutuma majibu. Kila dakika ya laini ililipiwa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, tabia hiyo ikaonekana kuwa ya kale, na watu wakahamia kwenye vivinjari.

Kwa Sotik, tabia hiyo haijapitwa na wakati hata kidogo. Anayenunua bando la siku anajua linavyoyeyuka. Kurasa za barua pepe kwenye kivinjari hupakia picha na vikorombwezo kila zinapofunguliwa, na bando likiisha au mtandao ukipotea, hata barua ya mwaka jana haisomeki. Programu kama Thunderbird, ambayo ni ya bure, huvuta barua mara moja na kuzihifadhi. Stima ikipotea jioni, barua ya bodi ya mikopo ya wanafunzi au taarifa ya benki inasomeka kwa chaji iliyobaki kwenye betri.

Kuna wanaoipenda POP kwa sababu hiyohiyo, na hoja yao ni ya kweli: barua ni zako, ziko kwako, hazikai kwenye mashine za kampuni ya mbali. Lakini waikumbuke nchi wanamoishi. Nyanda za Kericho zinajulikana duniani kote kwa ngurumo na mvua ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumika kunyunyizia mawingu kemikali ili kuokoa majani ya chai. Radi moja ikipita kwenye waya wa stima inaweza kuua kompyuta pamoja na kila kilichomo. Aliyevuta barua zake zote kwa POP bila kubakiza nakala kwenye seva atakuwa amepoteza vyote kwa dakika moja.

Kwa hiyo msimamo wa safu hii ni IMAP kwa nyumba nyingi za huku, iwekwe kwa uangalifu. Kwenye mipangilio ya Thunderbird, ruhusu barua zihifadhiwe kwenye kompyuta, lakini zile za siku 30 za karibuni tu ikiwa bando ni dogo, na uzuie zenye viambatisho vikubwa hadi uziombe mwenyewe. Kiambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja kinaposafiri ndani ya barua pepe: faili ya MB 6 hukutoza kama MB 8. Tena, IMAP pekee si ghala. Mtoto akifuta barua kwenye simu, itafutika na kwenye kompyuta. Zile za maana, kama vile risiti ya KRA, barua ya kuitwa chuoni au mkataba wa shamba, zinakiliwe kwenye folda za kompyuta yenyewe, kisha kwenye flashi inayokaa kabatini mbali na stima.

Yote haya hayana maana ikiwa neno la siri liko kwa mtu mwingine. Anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba neno jipya la siri la iTax, na ujumbe wa kulibadilisha utamfikia yeye. Na anwani iliyosahaulika ina hatari yake pia: tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua zake zote. Mkulima anayeifungua Juni tu, kupitia saiba, akiruka mwaka mmoja amefika ukingoni.

Wenye saiba wamewasaidia watu wengi, na wanaweza kusaidia zaidi. Mteja apewe kibodi aandike neno lake mwenyewe, nambari ya simu ya kurejesha akaunti iwe yake, na daftari la maneno ya siri ya wateja liondolewe mezani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Na wewe uliye na cheti kilichokunjwa mfukoni, usingoje msongamano wa Juni. Kaa na kijana wa nyumbani jioni moja wiki hii, badilisheni neno la siri, wekeni nambari yako ya simu, kisha muunganishe anwani hiyo na kompyuta iliyo mezani.