Aliyelala Mezani
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inaruhusu kazi ya mtu itumike kama mfano wa kufundishia, ilimradi matumizi yawe ya haki na mwenye kazi atajwe. Mhadhiri anayeonesha darasani video ya upasuaji wa rovu, akamtaja aliyeirekodi, ana hoja ya kujitetea. Kuisambaza katika kundi la WhatsApp la wanafunzi ni jambo jingine.

Linalonikera ni kwamba hakimiliki humlinda aliyeshika kamera, wala si aliyelala mezani, ambaye uso wake ndio unaoonekana. Mgonjwa huyo aliridhia kupasuliwa tu. Kurekodiwa kuombewe ridhaa kwa fomu ya pekee, na akikataa, atibiwe vilevile.